Diklofenaki na ibuprofeni baada ya baipasi ya tumbo
Je, mtu aliyefanyiwa baipasi ya tumbo, yaani upasuaji wa kupunguza uzito, anaweza kutumia dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni? Hapana, dawa hizo mbili hazimfai tena, hata jino likimuuma sana na hata miaka mingi ikiwa imepita. Atumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Sababu ni kwamba chakula sasa hupita katika kifuko kidogo cha tumbo kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ambao kwa maumbile yake haustahimili asidi, na dawa za jamii hiyo hudhoofisha ute unaozilinda kuta zake, kwa hiyo vidonda hutokea kwa urahisi penye maungio na huweza kuvuja damu au kutoboka. Sindano haiondoi hatari hiyo, kwa kuwa dawa hufika hapo kupitia damu, na hili ndilo wengi hulikosea. Sigara nayo husababisha vidonda hivyo hivyo.

Anayetumia aspirini ya kiwango kidogo kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake, bali amwone daktari wake, ambaye huenda akamwongezea omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Tafadhali mweleze mfamasia kuhusu upasuaji kabla hajakupa chochote, kwa sababu baadhi ya vidonge vya maumivu huchanganya parasetamoli na diklofenaki au ibuprofeni ndani ya kidonge kimoja. Ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika damu au tumbo likauma ghafla kwa ukali, nenda hospitali mara moja, usisubiri kupambazuke.