200 kujumlisha 100, jibu alama ya mkato?

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha tano, tahasusi ya PMCs (Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta), na tunajifunza lugha ya programu ya C++. Nilitangaza a, b na c, zote unsigned char, yaani aina ya namba ya biti nane (tarakimu nane za 0 na 1) isiyo na hasi. Nikaipa a 200 na b 100, kisha c = a + b. Nilipoandika cout << c, kwenye skrini ikatokea alama ya mkato! Nikajaribu cout << a + b, ikaja 300. Mwalimu alisema namba imefurika, akaendelea na namba hasi: "geuza biti zote, kisha ongeza moja." Nimekariri, ila sijui kwa nini tunafanya hivyo. Na kwa nini kwenye biti nane kuna −128 lakini hakuna +128?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, ila hapo kuna mambo mawili yamekukuta kwa mpigo.

Kwanza huo mkato. C++ haijumlishi unsigned char zikiwa hivyo hivyo. Huzipandisha kwanza ziwe int, aina ya namba kamili yenye biti nyingi zaidi, ndiyo maana a + b ilikupa 300 bila shida. Balaa lilianza ulipoirudisha ile 300 ndani ya c, yenye biti nane tu. Kwa biti, 300 ni 100101100. Hesabu mwenyewe, ni tisa. Ile ya kushoto kabisa ikakosa nafasi, ikabaki 00101100, yaani 44. Halafu cout ikikutana na char haichapi namba, inachapa herufi yake, na kwenye ASCII, jedwali linaloipa kila herufi namba yake, namba 44 ni mkato. Andika cout << (int)c uione 44 yako.

Sasa tuje kwenye hasi. Sahau kompyuta kidogo, tazama saa ya ukutani. Ni saa kumi jioni. Ongeza saa tano. Hakuna anayesema "saa kumi na tano", utasema saa tatu usiku. Saa imefurika, ikaziacha kumi na mbili, na hakuna aliyelalamika. Kompyuta yako ilifanya hivyo hivyo, ila mzunguko wake ni wa 256: 300 kutoa 256 ni 44.

Baki hapo hapo ukutani. Weka mshale kwenye nane, urudishe nyuma hatua tatu: tano. Urejeshe kwenye nane, halafu usogeze mbele hatua tisa: tano tena. Kwa hiyo kwenye saa, "hasi tatu" na "tisa" ni kitu kimoja, kwa sababu tisa ndiyo iliyobaki kumaliza mzunguko. Kijalizo cha mbili (two's complement), yaani huo mtindo wa kugeuza biti na kuongeza moja, kinafanya mashine isihitaji mtambo wa kutoa kando ya mtambo wa kujumlisha. Inakwenda mbele tu.

Basi hasi tatu kwenye biti nane ni 256 − 3, yaani 253. Unaipataje bila kutoa? Biti nane zote zikiwa moja ni 255. Ukigeuza biti za namba yoyote, umeitoa kwenye 255, maana kila penye moja panakuwa sifuri na penye sifuri panakuwa moja. Tatu ni 00000011. Geuza: 11111100, ambayo ni 252. Lakini wewe ulitaka kutoa kwenye 256, umepungukiwa moja. Iongeze: 11111101, ndiyo 253. Ile "ongeza moja" ni kufidia tofauti ya 255 na 256, basi.

Kwenye mtihani usiandike tatu kama 11 ukaanza kugeuza. Utapata 00 na utapoteza alama kizembe. Jaza sifuri za mbele kwanza mpaka zitimie nane, au kumi na sita kama swali limesema hivyo. Na kama kompyuta za maabara ni za kugombania, haya yote yanafanyika kwa kalamu. Mimi bado nayafanya kwa kalamu.

Na usidhani ni michezo ya darasani. Kuna mifumo inayohesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ndani ya biti 32 zenye hasi. Kikomo chake ni 2,147,483,647. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kikomo hicho kitafika tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utadhani ni Desemba 1901. Dawa yake ni kuhamia biti 64, na mifumo mingi imeshahama.

Limebaki la −128. Mipangilio ya biti nane ni 256. Inayoanza na sifuri ni 128, na sifuri yenyewe imekaa humo, ndiyo maana chanya zinaishia 127. Inayoanza na moja ni 128, zote hasi. Jaribu kuigeuza −128 iwe chanya: 10000000 inakuwa 01111111, ongeza moja, umerudi 10000000. Rudi ukutani: toka saa kumi na mbili, nenda mbele hatua sita, kisha uanze upya urudi nyuma hatua sita. Mara zote mbili umesimama kwenye sita, nusu ya mzunguko, kama 128 ilivyo nusu ya 256.