Inhela ya mama: asubuhi au usiku?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana ugonjwa sugu wa mapafu, kapikia kuni miaka mingi sana, sasa kaandikiwa tiotropium ya kuvuta mara moja kwa siku. Yeye anaivuta akibanwa tu, mara asubuhi mara usiku, siku nyingine anasahau kabisa. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubaya upo, tena mkubwa, maana hiyo sio dawa ya kungojea kubanwa. Tiotropium inalegeza njia za hewa kwa saa 24 hivi, kwahiyo akiiruka leo kesho kifua kinarudi kubana halafu anasema dawa haifanyi kazi. Asubuhi au usiku yote sawa, cha msingi saa iwe ileile kila siku, mimi napendelea asubuhi akishapiga mswaki coz ndo muda watu hawasahau, na ndo anaanza pilikapilika za siku. Akisahau avute akikumbuka siku hiyohiyo, ila asivute dozi mbili siku moja kufidia ya jana, hapana.

Akibanwa ghafla anatumia salbutamol, inhela nyingine ya dharura, ile inafungua njia za hewa ndani ya dakika chache. Kama anaihitaji kila mara, au midomo inabadilika rangi, au anashindwa kumaliza sentensi, mpelekeni hospitali haraka. Na tafadhali mtoeni kwenye moshi wa jiko, mwingine apike.

Ukimpeleka kliniki mwambie avute mbele ya nesi, wengi wanakosea kuvuta miaka na miaka.