Gemu ipi ya zamani ni bora? Maswali yenu kuhusu orodha na kura

Barua za safari hii zinahusu ubishi mmoja: nani awe juu katika orodha ya gemu bora za zamani. Tumechagua zile zinazouliza jambo linaloweza kupimwa.

Swali: Tulikuwa watu tisa tukipigia kura gemu tatu, kila mtu akitaja moja tu. Doom ilipata kura 4, Street Fighter II ikapata 3, Tetris 2. Tukaitangaza Doom mshindi, lakini waliobaki wanagoma. Je, si kukataa kushindwa tu?

Jibu: Wana hoja, na hesabu iko upande wao. Kura ya kutaja gemu moja haioni chochote chini ya chaguo la kwanza. Rudieni, safari hii kila mtu azipange zote tatu. Tuseme wale 4 wa Doom wanaiweka Tetris ya pili na Street Fighter II ya mwisho. Wale 3 wa Street Fighter II nao wanaiweka Tetris ya pili, Doom ya mwisho. Wale 2 wa Tetris wanaiweka Street Fighter II ya pili na Doom ya mwisho.

Sasa zikutanisheni mbili mbili. Doom na Tetris: 4 kwa 5. Doom na Street Fighter II: 4 kwa 5. Mshindi wenu anapigwa na kila mpinzani anayekutana naye! Tetris na Street Fighter II: 6 kwa 3. Tetris, iliyokuwa mkiani, ndiyo inayomshinda kila mmoja. Njia hii ilielezwa na Mfaransa Condorcet mwaka 1785, na kwa orodha za gemu hatujaona iliyo bora zaidi.

Mwenzake Borda alipendekeza pointi: wa kwanza 2, wa pili 1, wa mwisho 0. Kwa kura zenu Tetris inapata 11, nyingine 8 kila moja. Ni rahisi kujumlisha, lakini ina udhaifu mkubwa. Shabiki wa Doom anayeiogopa Tetris anaweza kuitupa mkiani makusudi ili aipunguzie pointi. Na kuna kosa la pili ambalo watu hulifanya bila nia mbaya: gemu wasiyoicheza wanaiweka chini kabisa. Gemu usiyoicheza iache wazi. Kwenye mapambano ya mbili mbili, hesabuni tu watu waliocheza zote mbili. Hapo gemu isiyojulikana sana haiadhibiwi kwa kutojulikana kwake.

Mkikuta mzunguko, yaani A inaipiga B, B inaipiga C, na C inaipiga A, futeni ushindi wenye pengo dogo kuliko yote, kisha someni upya.

Swali: Nikitaka kupanga gemu 50 kwa njia hiyo ya mbili mbili, si nitamaliza mwaka?

Jibu: Jozi zote za gemu 50 ni 1,225, na hakuna anayezipitia akiwa bado na akili timamu kufikia ya mwisho. Kwa orodha ya mtu mmoja huhitaji zote. Andika kila gemu kwenye kikaratasi. Zigawe jozi 25, na katika kila jozi iliyo bora ikae juu. Kisha chukua mafungu mawili madogo kuliko mengine uyaunganishe: linganisha vikaratasi viwili vya juu tu, kilicho bora kitoke kiende kwenye fungu jipya, halafu linganisha tena vilivyo juu sasa. Endelea hivyo, kila mara ukichukua mawili madogo kuliko mengine, hadi libaki fungu moja. Kwa gemu 50 hutavuka ulinganisho 237. Kwa gemu 20 hutavuka 69.

Usifanye zaidi ya 60 kwa kikao. Ukichoka utaanza kuchagua jina unalolifahamu badala ya gemu uliyoipenda. Ukimaliza, changanya vikaratasi kumi vya katikati uvipange upya siku nyingine. Vikibadilika sana, basi kwako gemu hizo ziko sawa, na ni haki kuzipa nafasi moja.

Swali: Kwenye orodha yetu ya alama kati ya 1 na 10, gemu moja iliyopigiwa kura na watu 12 ina wastani wa 9.6. Imeishinda Super Metroid yenye watu 900 na wastani wa 9.1. Turekebisheje?

Jibu: Ipeni kila gemu kura za kuanzia. Chukueni wastani wa orodha nzima, tuseme 7.5, kisha mfanye kana kwamba kila gemu imekwisha pigiwa kura 50 za 7.5. Ile ya watu 12: 12 mara 9.6 ni 115.2, ongeza 375, gawa kwa 62, unapata 7.9. Super Metroid: 900 mara 9.1 ni 8,190, ongeza 375, gawa kwa 950, unapata 9.0. Idadi ya kura za kuanzia iamuliwe kabla ya kuyaona matokeo, la sivyo mtu ataivuta hadi gemu yake ipande.

Swali: Rafiki yangu aliyekulia Ulaya anasema Sonic ya kwanza ni nzito na muziki wake unakokota. Mimi naiona ni umeme mtupu. Nani anasema kweli?

Jibu: Wote wawili, kwa sababu hamkucheza kitu kimoja. Televisheni za Japani na Marekani, zenye mfumo uitwao NTSC, zilichora picha mara 60 kwa sekunde, na zile za mfumo wa PAL huko Ulaya mara 50. Gemu nyingi za wakati ule zilihesabu muda kwa fremu, yaani picha moja moja, si kwa sekunde. Kipande chenye fremu 3,600 kinakwisha kwa sekunde 60 upande mmoja na kwa sekunde 72 upande wa pili. Sonic ya mwaka 1991 ilipelekwa kwenye Mega Drive (mashine ya Sega) za PAL bila kurekebishwa mwendo, kwa hiyo mhusika, maadui na muziki vyote vilipungua kasi kwa karibu asilimia 17. Picha nayo ilibanwa kati ya mikanda miwili myeusi, kwa kuwa PAL ina mistari mingi zaidi ya skrini na gemu haikuijaza.

Hili tunalisisitiza kuliko lolote katika safu hii: orodha ya kimataifa isiyosema ni toleo la 50 au la 60 inachanganya gemu mbili zenye jina moja. Kabla ya kubishana tena, kila mmoja aangalie kama mashine yake ni ya PAL au NTSC. Ukitumia emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani), chagua toleo la 60 na eneo la NTSC kwa pamoja. Ukilazimisha faili la PAL liende kwa kasi ya 60, gemu zilizorekebishwa kwa ajili ya Ulaya zitakimbia kupita kiasi na muziki utapanda.

Swali: Je, matoleo ya mashine mbalimbali yahesabiwe kama gemu moja?

Jibu: Yakiwa na hatua zilezile na mwendo uleule, ndiyo. Yakitofautiana kiuchezaji, hapana. Doom ya kompyuta, mwaka 1993, na Doom ya Super Nintendo, mwaka 1995, hazifai kukaa mstari mmoja: ya pili haina michoro ya sakafu wala dari, maadui wake wanakutazama usoni daima hata ukiwazunguka, na haina pa kuhifadhi ulipofika. Pac-Man ya mashine za kumbi, mwaka 1980, na ile ya Atari 2600, mwaka 1982, vivyo hivyo. Kwenye Atari mizimu minne inachorwa kwa zamu, mmoja kila fremu, ndiyo maana inamemeteka hadi macho yanauma. Anayeichukia Pac-Man kwa sababu ya toleo hilo hajaihukumu Pac-Man.

Angalieni pia majina, maana hapo kura hupotea kimyakimya. Final Fantasy IV iliuzwa Marekani kama Final Fantasy II, na ya VI ikauzwa kama III. Mpiga kura akiandika "Final Fantasy II", muulizeni mwaka na mashine. Contra ya Nintendo huko Ulaya ilikuwa Probotector, askari wakigeuzwa maroboti. Star Fox ikaitwa Starwing. Tengenezeni daftari la majina kabla ya kupokea kura: jina kuu, majina mengine, mashine, mwaka wa kwanza kutoka. Sonic 3 na Sonic & Knuckles, zote za 1994, zilitengenezwa ili katriji moja ichomekwe juu ya nyingine ziwe safari moja ndefu. Sisi tungezihesabu kama gemu moja, lakini andikeni uamuzi wenu mapema.

Swali: Nimeirudia Punch-Out!! baada ya miaka mingi kwenye televisheni bapa. Nachapwa na kila bosi. Nataka kuishusha nafasi kumi.

Jibu: Usiishushe bado. Gemu hiyo ya 1987 inaishi kwa kukwepa ngumi ndani ya fremu chache, na fremu moja ni milisekunde 16.7. Kwenye TV ya chogo picha ilitoka papo hapo. Televisheni bapa hupitisha picha kwenye usindikaji kwanza, na kuchelewa fremu tatu au nne ni kitu cha kawaida. Hiyo ni milisekunde 50 hadi 67 ambazo bondia wako hana.

Kwanza, washa modi ya gemu kwenye televisheni na uzime kila kinachodai kulainisha mwendo. Pili, tumia pedi ya waya. Tatu, kama unatumia emuleta ya RetroArch, kuna kipengele cha Run-Ahead kinachokimbiza gemu mbele ili kufuta ucheleweshaji wa ndani. Kupata namba sahihi, simamisha gemu kwa herufi P, shikilia kitufe cha kuruka au kukwepa, kisha bonyeza K fremu baada ya fremu. Mhusika akisogea kwenye fremu ya tatu, ucheleweshaji wa ndani ni fremu mbili: weka 2. Ukizidisha, utaona mhusika akiruka sehemu ya mwendo wake, maana fremu za kweli zinaliwa. Pima kwa kila gemu, namba hazifanani.

Swali: Na Duck Hunt, gemu ya kulenga bata kwa bunduki, kwenye televisheni bapa?

Jibu: Bunduki yake haitafanya kazi. Inategemea mwanga wa skrini ya chogo utokee kwa wakati wake kamili. Aliyecheza kwa kipanya amecheza zoezi jingine, jepesi zaidi. Kura yake iwekwe kando.

Swali: The Legend of Zelda ya kwanza inanifutia safari kila nikizima. Gemu isiyohifadhi inastahili kumi bora kweli?

Jibu: Inastahili, tatizo ni kifaa. Katriji ile huhifadhi kumbukumbu kwa betri, na betri ya miaka ya 1980 kwa kawaida imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, nunua yenye miguu ya kuchomelea kwa risasi. Usiishike kwa gundi ya karatasi, italegea. Halafu, kwenye Nintendo ile ya zamani, shikilia RESET ndipo uzime umeme. Ukizima bila hivyo, mshtuko wa umeme unaweza kuharibu data. Na kama mashine inawaka na kuzima mara moja kila sekunde, chipu ya ulinzi haisomi katriji: safisha miguu yake ya shaba kwa pamba na isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke. Usipulize kwa mdomo, unyevu wa pumzi unaleta kutu.

Swali: Wazee wanataka Pong na Space Invaders ziwe juu kwa kuwa zilitangulia. Vijana wanacheka.

Jibu: Mnauliza maswali mawili kwa kura moja. Tengeni orodha mbili: gemu zilizobadilisha njia ya waliofuata, na gemu ambazo mtu angeanza kuzicheza leo bila kulazimishwa. Pong, mwaka 1972, ni ya orodha ya kwanza, ingawa hata hapo haikuwa ya kwanza kabisa: Spacewar! ilikuwepo tangu 1962. Space Invaders, mwaka 1978, inaweza kushindania zote mbili. Ina wavamizi 55, na kadiri unavyowaua ndivyo prosesa inavyokuwa na vya kuchora vichache, kwa hiyo waliobaki wanaharakisha. Kasoro ya mashine ikawa hofu ya kweli, na bado inafanya kazi mikononi mwa mtu yeyote leo.

Swali: Mwisho wa "zamani" ni mwaka gani?

Jibu: Msitumie "miaka 20 iliyopita", kwa sababu kila Januari gemu mpya zitaingia na orodha ya mwaka jana haitalinganishwa na ya mwaka huu. Wekeni tarehe isiyosogea. Sisi tunakata mwisho wa 1995. Chrono Trigger inaingia, Ocarina of Time ya 1998 inabaki nje, na tunajua hilo linauma. Hesabuni mwaka wa kutoka mara ya kwanza popote duniani, na kwa gemu kama Tetris andikeni toleo pia, kwani ile ya Moscow ya miaka ya 1980 na ya Game Boy ya 1989 zinatofautiana sana mikononi.