Mkuu, hao watoto 60 umewatoa wapi? Hesabu kwanza ndo uandike

Simama hapo hapo. Unaomba feloshipu ya miaka miwili kutafiti inhibita (kingamwili zinazozuia dawa ya faktari isifanye kazi) kwa watoto wenye hemofilia A (damu haigandi vizuri kwa kukosa faktari 8, protini ya kugandisha damu), kwenye andiko umeweka watoto 60, alafu unauliza bajeti, barua za wasimamizi, na kama uombe kwa taasisi au kwa kampuni ya dawa. Hayo baadaye. Hao 60 nani kakuhesabia??

Nauliza kwa uchungu. Mimi namba nilipewa na mshauri mmoja, mtu anayeheshimika, akasema chukua takwimu za kwenye majarida, zidisha na idadi ya watu, wagonjwa watapatikana tu. Hawakupatikana. Jopo likapitisha, pesa ikaingia, na pesa ya feloshipu haimsubiri mgonjwa, ule ni mshahara wako na muda wako, ukiisha umeisha. Nimemaliza muda rafu moja ya friza haijajaa sampuli, na yeye simu hapokei. Watu hawajawahi kukaa kliniki hata asubuhi moja wanawagawia vijana namba, inaudhi sana.

Hebu tuhesabu. Hemofilia A inampata kama mvulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. Tuseme kliniki ina rejista ya watu 100. Inhibita zinawapata zaidi wale wa hali kali, faktari 8 yao iko chini ya 1% ya kiwango cha kawaida, tuseme hao ni 40. Wanaopata inhibita ni takriban 30% yao, yaani 12. Humo kuna watu wazima, kuna ambao inhibita ilishaondoka kwa matibabu, na nyingi hutokea ndani ya siku 50 za mwanzo za kuchomwa faktari, kwa hiyo wewe unamtaka mtoto ambaye ndo kwanza anaanza dawa. Wamebaki wangapi? Na mzazi ana haki ya kukataa, mtoto mshipa wenyewe wa kutafuta alafu wewe unataka damu ya ziada.

Kuna na emicizumab, sindano inayofanya kazi badala ya faktari 8. Tangu iidhinishwe Marekani 2017 imebadilisha mambo, mtoto anayeitumia ukimpima inhibita kwa kipimo cha kawaida cha kuganda damu, majibu yanaweza kusema hana wakati anayo. Inatakiwa kipimo cha kromojeniki (kinasoma rangi, sio kuganda) chenye vitendanishi, yaani vitu vya kupimia, vya protini za ng'ombe, hicho kiingize kwenye bajeti mapema.

Sasa usiongeze hata mstari mmoja mpaka ukae na nesi anayeshika rejista. Sio profesa, nesi. Yeye ndo anajua nani kahama, nani yuko kwenye jaribio lingine la dawa, nani kaacha kuja. Ahesabu yeye kwa majina, wewe akupe jumla tu. Akisema 5 andika 5 na swali la utafiti lipungue liwatoshe hao 5, au tafuta kliniki zingine muungane na vibali vya maadili vya kila moja vianze kushughulikiwa kabla pesa haijaingia. Ikishindikana kabisa hamia kazi ya maabara, zipo feloshipu za hivyo, mfano ile ya Marekani yenye jina la Judith Graham Pool, yule mama aliyegundua kriopresipiteti, ile sehemu ya plazma yenye faktari 8 nyingi.

Kampuni au taasisi, yeyote atakayekupa pesa atataka sampuli. Kaonane na nesi wiki hii, ukipata namba iweke hapa tuiangalie.