Usilipe arubuni ya mpingo kwa sababu ya ndoo ya maji

Mkuu, usilipe hiyo arubuni. Umeuliza kama ununue vipande 80 vya mpingo kwa ajili ya kalamu zako za kwanza, uchanganye na akriliki (plastiki ngumu) ya rangi gani na uuze kwa bei gani, kisha ukataja kana kwamba ni jambo dogo kuwa muuzaji alitumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji, kikazama, naye akakuhakikishia kwamba hiyo ndiyo dalili ya mti uliokomaa na kukauka. Mimi nilionyeshwa ndoo kama hiyo mwaka 2019, nikaamini.

Mpingo huzama ukiwa mbichi na huzama ukiwa mkavu, kwa kuwa ni mzito kuliko maji. Ndoo haikuambii lolote juu ya unyevu uliomo ndani, na mtu anayeishi kwa kuuza mpingo hawezi kuwa halijui hilo. Aliyeniuzia alijua kabisa kwamba gogo lake lilikuwa limekatwa karibuni, akachukua fedha zangu na kunitakia biashara njema. Hadi leo sijamsamehe.

Nilikuwa na oda ya kalamu 60 za ofisi moja ya Dar es Salaam, kila moja kwa shilingi 35,000. Nilitoboa vipande, nikagundisha ndani vibomba vya shaba vya milimita 7, nikakereza, nikapiga msasa na kuzing'arisha kwa nta, na siku ya kuzikabidhi hapakuwa na hata moja yenye kasoro. Wiki ya tatu nikapigiwa simu. Kalamu zilikuwa zimewekwa kabatini, katika chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa, na 41 kati yake zilikuwa zimepasuka kwa urefu, kuanzia kwenye pete ya katikati kuelekea kwenye ncha. Ufa ulitosha kuingiza ukucha, na ndani yake shaba ilikuwa inang'aa. Mti unapokauka husinyaa, lakini kibomba cha shaba hakisinyai, na baada ya kukereza ukuta wa mti unaobaki juu yake ni wa milimita moja au mbili tu, kwa hiyo hauna pa kwenda isipokuwa kuchanika. Nilirudisha shilingi 2,100,000 zote, na vifaa vya kalamu vilivyokwisha gundishwa sikuweza kuvitumia tena.

Kwa hiyo usikereze hata kalamu moja kabla kipande hakijaacha kupungua uzito. Kata vipande vya milimita 20 kwa 20, vyenye urefu wa milimita 130, paka nta kwenye ncha zote mbili ili visikauke upesi mno huko na kupasuka, andika tarehe na uzito juu ya kila kimoja, uviweke kivulini penye hewa, kisha upime kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kimoja cha kwangu kilianza na gramu 71, kikashuka polepole hadi 64, na kilipobaki hapo kwa wiki sita mfululizo ndipo nilipokigusa. Ukiona ni kuchelewa, fahamu kwamba watengenezaji wa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, huko Ulaya, wanaotumia mpingo huu huu, huacha mti wao ukae miaka kadhaa kabla ya kuukereza.

Akriliki haina shida hiyo ya kukauka. Inataka patasi kali isije ikabanduka vipande, na ikiwa inapitisha mwanga, paka rangi ndani ya tundu ili shaba isionekane.

Mwambie muuzaji akuuzie vipande 5 tu kwa sasa, na siku ya kuvichukua nenda na mizani yako.