Ukitaka kutengeneza sanamu kubwa za chuma, anza na mkasi wa bati

Vijana wa welding hunijia karakana huku Changamwe, Mombasa, na simu mkononi. Wanafungua picha, wananisogezea: "Fundi, kitu kama hiki twaweza kukitengeneza hapa?" Mara nyingi picha ni ya Flamingo, lile dude jekundu la msanii Mmarekani Alexander Calder lililosimama Chicago tangu mwaka 1974. Lina urefu wa mita 16, miguu imepinda, shingo imeinama kama linatafuta kitu kilichodondoka, na kandokando yake majengo meusi ya ofisi za serikali yamenyooka, hayana mzaha hata kidogo.

Jibu langu ni ndiyo, twaweza. Plati, yaani bamba nene la chuma, ni hiyohiyo inayoshuka bandarini, na mkono unaochomelea tangi la maji unaweza kuchomelea shingo ya ndege. Ila anayeniuliza hivyo kwa kawaida anataka kuanzia kwenye hizo mita 16, na hapo ndipo tunapoanza kubishana.

Calder mwenyewe hakuanzia huko. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1898 katika nyumba ya watengeneza sanamu. Ile sanamu ya William Penn iliyo juu ya jumba la jiji la Philadelphia ni kazi ya babu yake, na baba yake naye alikuwa fundi wa sanamu. Pamoja na hayo alisomea uhandisi wa mitambo, akamaliza 1919, akahangaika na vibarua vya kila aina, hata kwenye chumba cha boila melini, ndipo akaingia darasa la sanaa New York mwaka 1923. Alipofika Paris 1926 alianza kuunda sarakasi nzima ya waya, vitambaa na vizibo, akaichezesha kwa mikono yake mbele ya wageni. Mwaka uliofuata akabuni vidude vya kukokota vya watoto kwa kiwanda kimoja cha Wisconsin. Zile kazi kubwa za chuma kilichopakwa rangi, zinazosimama kwenye viwanja vya miji, zilikuja kumiminika alipokuwa anaukaribia umri wa miaka 60. La Grande Vitesse ya Grand Rapids, Michigan, iliposimamishwa 1969, mzee alikuwa na miaka 70. Flamingo ilimkuta na 76.

Sisemi usubiri uzeeke. Nataka tu uone kwamba kazi ya waya na vidude ilimlea kwa miaka mingi kabla chuma kikubwa hakijamfikia. Mimi mambo haya niliyajulia kwenye magari ya waya, kama karibu kila mtoto wa mtaa wetu. Gari la waya lina kila kitu: mstari, uzani, ekseli inayokubali kuzunguka au inayogoma. Kama ulikuwa bingwa wa magari hayo, usione haya kulisema mbele ya mteja. Ndiyo shule uliyosoma.

Basi ushauri wenyewe ni huu: mchezo uchezwe mezani. Tafuta shiti nyembamba ya aluminiamu inayokatika kwa mkasi wa bati, au pasua mikebe ya mafuta ya kupikia uinyooshe. Kata bila kuchora kwanza. Pinda, simamisha. Likianguka, ongeza mguu. Likisimama kwa unyonge, punguza mguu. Siku moja utakata kipande bila kufikiri, ukiweke juu ya kingine, ucheke peke yako. Hicho kihifadhi. Calder alifanya hivyo mpaka mwisho wa maisha yake: alikata shiti kwa mkono, akapata kielelezo kidogo kinachosimama chenyewe, kisha mafundi wa kiwandani wakakikuza. Alikuwa na watu wa Segré Iron Works mjini Waterbury, Connecticut, na watu wa Biémont huko Tours, Ufaransa, si mbali na nyumbani kwake Saché. Hakujificha kwamba aliyechomelea ni mwingine. Nawe usijifiche, ila walipe vizuri.

Ukishaingia kwenye plati, kubahatisha kumekwisha. Chukua shiti ya futi nane kwa nne. Ya milimita 3 ina kilo 70 hivi, ya milimita 6 ina kilo 140, ya milimita 10 inapita kilo 230. Sasa kielelezo chako cha sentimita 30 ukikikuza mara kumi kiwe mita 3, eneo lake linaongezeka mara mia. Lile bati la nusu milimita lililosimama kidete mezani lingehitaji plati ya milimita 5 ili libaki na unene uleule kwa kadiri ya ukubwa wake. Wewe kwa kubana pesa unaweka milimita 3. Kwa macho ya chuma, umelifanya jembamba kuliko lilivyokuwa mezani, na likisimama litatikisika. Hata ukiweka hiyo milimita 5, uzito sasa ni mara elfu, au zaidi kama cha mezani kilikuwa cha aluminiamu, na miguu ndiyo inayoubeba. Halafu kuna upepo. Kasi yake ikizidi mara mbili, nguvu inayopiga sanamu huwa mara nne, na kusi likivuma huku kwetu haliulizi ulikopa wapi hela za vyuma.

Kwa hiyo usiruke kutoka mezani hadi kiwanjani. Tengeneza cha katikati, cha mita moja au moja na nusu, kwa shiti ya chuma. Kisukume. Kining'inie. Mpe mtoto akipande. Panapotikisika ndipo panapotaka ubavu, yaani kipande cha bamba cha kukaza. Calder naye alikuwa na kielelezo cha kati kabla ya kile kikubwa, na ukiikaribia Flamingo utaona mbavu zake na vichwa vya bolti vimeachwa wazi, ni sehemu ya sura yake. Sisi mafundi wa mageti tuna ugonjwa wa kuficha. Tunasaga kila uungo, tunajaza filla ya kuzibia, tunapiga msasa mpaka pawe laini kama hapajaguswa. Filla juu ya chuma cha nje, pwani, ni kutu iliyowekewa miadi. Acha ubavu uonekane. Na mhandisi wa majengo mlipe akupigie hesabu ya msingi na bolti za kushikia chini. Usimwombe ushauri wa kikombe cha chai.

Spoleto, Italia, kuna kazi ya Calder ya mwaka 1962 iitwayo Teodelapio, nyeusi, mita 18, na magari yanapita katikati ya miguu yake. Mtu wa Mombasa haoni ajabu sana, maana amezoea kupita chini ya mapembe ya Moi Avenue, yaliyojengwa kwa shiti za aluminiamu miaka ya 1950. Kinachonivutia kwenye Teodelapio ni kwamba ilitengenezwa na mafundi wa meli. Ukitaka kujua namna ya kupaka chuma rangi kikaishi karibu na bahari, usiende kwa wapaka magari. Nenda kwa wapaka meli.

Hapa kwenye rangi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za pwani zinapofia.

Plati mpya huja na ngozi ya kiwandani, ya kijivu inayokaribia bluu. Inaonekana safi, unashawishika kuipaka hivyohivyo. Ngozi hiyo itabanduka, na itabanduka pamoja na rangi yako. Ipige mchanga wa kurushwa kwa hewa mpaka chuma chenyewe kiwe cheupe karibu chote, kisha upake praima, ile rangi ya chini kabisa, siku hiyohiyo, kabla hewa ya chumvi haijakigusa. Ukilala na kuamka, utakuta wekundu umeshatanda. Praima iwe ya epoksi yenye zinki, juu yake epoksi ya kujenga unene, mwisho poliurethani ya rangi unayoitaka. Zote pamoja, zikikauka, zikaribie robo milimita. Kuna kifaa cha kupimia, kiombe kwa hao wapaka meli.

Halafu kingo. Plati iliyokatwa kwa gesi au grenda ina ukingo mkali. Rangi ikiwa bado majimaji hujivuta ikaukimbia ukingo huo, ikabaki utando mwembamba mno, na kutu huanzia papo hapo. Saga ukingo uwe mviringo, milimita 2 hivi, mpaka kidole kipite bila kukwama. Kabla hujapuliza, chukua brashi upake kingo zote, maungo yote na vichwa vyote vya bolti kwa mkono. Kazi hiyo inachosha na mteja haioni. Usiwape vibarua wageni, ifanye mwenyewe au simama pembeni yao.

Maungo yachomelewe mfululizo. Welding ya nukta nukta huacha mianya inayokunywa maji ya mvua, halafu inatoa machozi ya kahawia juu ya rangi yako nzuri. Na kila mfuko au bonde ambamo maji yanaweza kutuama, toboa tundu chini.

Rangi gani? Calder aliipenda nyekundu kiasi cha kusema angetamani kupaka kila kitu nyekundu. Mimi pia, lakini nyekundu rahisi inageuka waridi juani haraka kuliko rangi yoyote niliyowahi kupaka. Ulizia iliyotengenezwa kwa ajili ya jua, na ukubali bei yake. Yeye alipenda isiyong'aa, na isiyong'aa huchakaa upesi. Wanaozitunza sanamu za aina hiyo leo wamefika hadi kwenye maabara ya jeshi la Marekani, kwa kuwa magari ya vita nayo yanatakiwa rangi isiyong'aa na inayodumu. Sisi hatuna jeshi la kutupimia. Chagua inayong'aa kidogo, inaoshika kwa maji na sabuni.

Haya yote yanamaanisha kwamba sanamu ya chuma cha rangi itataka kupakwa upya, na lazima hilo liwemo kwenye mkataba: nani ataosha, nani atapaka, baada ya muda gani, kwa rangi gani yenye namba gani. Namba ya rangi iandike. Neno "nyekundu" peke yake halimfungi mtu. Mjini Pittsburgh kulikuwa na kazi ya Calder ya kuning'inia iliyokabidhiwa kaunti, ikawekwa uwanja wa ndege. Kaunti wakaipaka kijani na dhahabu, rangi zao. Mzee alilalamika, na kazi haikurudishiwa rangi zake mpaka yeye alipokuwa ameshafariki. Hapa nyumbani hoteli moja iliwahi kutaka kaa wangu mwekundu wa getini apakwe rangi za nembo yao mpya. Niliwafungulia mkataba ukurasa wa pili. Kaa bado ni mwekundu.

Watu watakuuliza hii ni nini. Watakuuliza sana, na baadhi yao kwa hasira. Grand Rapids wengi walinung'unika La Grande Vitesse ilipofika. Baadaye umbo lake likaingia kwenye nembo ya mji, mpaka kwenye magari ya taka. Nilipopeleka kazi kwenye shule moja ya msingi, mwalimu mkuu alizunguka mara mbili, akaniita pembeni.

"Fundi, nami nitawaambia wazazi nini?"

"Mwalimu, waulize watoto."

Watoto walishakuwa chini yake. "Pweza!" "Pweza gani ana miguu mitano? Ni buibui!" "Ni mwalimu wa hesabu!" Huyo wa mwisho mwalimu mkuu hakumsikia, au alijifanya hakumsikia. Usitoe maelezo. Ukisema ni pweza, umewanyang'anya buibui.

Kama watoto watafikia, jua pia kwamba chuma cheusi saa saba mchana kinaunguza ngozi, kwa hiyo sehemu za kushika ziwe za rangi nyepesi au kivulini. Na usiache mwanya unaoweza kushika kidole au kichwa.

Pesa sitazisema sana. Chukua arbuni inayotosha kununua vyuma vyote, awamu ya pili kabla ya rangi, ya mwisho sanamu ikisimama. Mteja akisema atalipa zote mwisho, mtengenezee geti.

Usafiri ufikirie mapema, mezani kabisa. Lori lina upana wa mita mbili na nusu hivi, na nyaya za umeme za mtaani haziinuki kwa ajili yako. La Grande Vitesse, tani zipatazo 42, ilitengenezwa Ufaransa, ikavuka bahari vipandevipande, ikafungwa kwa bolti ilipofika Michigan. Amua tangu mwanzo maungo yatakatwa wapi, na ujaribu kuiunganisha yote karakana kabla ya rangi. Tundu la bolti lililokataa kukutana juu ya kreni ya kukodi kwa saa litakula faida yako yote.

Na bolti zenyewe ziwe za kuzamishwa kwenye zinki. Kisha kuna wezi: Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu waliokuwa wakifungua minara ya umeme. Mnara wa umeme wanaufungua, sembuse pweza wa shule. Zikishakazwa, zile ambazo mkono wa mtu unazifikia zipige nukta moja ya welding kwenye nati, safisha hapo, upake tena praima na rangi. Zile za juu ziache, siku moja utahitaji kuzifungua kwa ajili ya matengenezo.