Neema, uliza posho inatoka mfuko gani

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Barua ya ofa uliyonitumia nimeichapisha pale steshenari na kuisoma kalamu mkononi. Unauliza: uchumi wa Marekani ukiyumba ukiwa katikati ya shahada ya uzamivu, si watakukatia posho urudi mikono mitupu? Nimefanya uhasibu wa chuo miaka mingi, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sikukatazi kwenda. Hali ikiwa ngumu, vyuo vya kule kwa kawaida huanza kubana mlangoni. Korona ilipopiga mwaka 2020, idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Princeton ilisitisha kupokea wanafunzi wapya wa uzamivu kwa mwaka uliofuata, ili fedha iwatosheleze waliokwisha kuingia. Ni kama basi la mkoani: likijaa, konda hufunga mlango, hamshushi aliyekaa. Mwenye hatari zaidi ni aliyeshika tiketi lakini bado yuko nje, na huyo kwa sasa ni wewe. Mwaka 2025, UMass Chan, chuo cha tiba cha jimbo la Massachusetts, kilifuta ofa kilizokwisha kuwapa wanafunzi wa uzamivu, kwa sababu fedha za utafiti kutoka serikali kuu hazikuwa na uhakika. Kwa hiyo kazini kwako usiandike barua ya kuacha mpaka viza iwe mkononi na chuo kimethibitisha tena kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye aya ya tatu, niliyoipigia mstari mwekundu. Wameandika "miaka mitano", halafu mstari huohuo wakaongeza "kutegemea upatikanaji wa fedha". Na fedha yenyewe ni ruzuku ya utafiti ya profesa wako. Ruzuku ina tarehe ya kuisha, na isipohuishwa profesa hana mfuko mwingine wa kuchota. Muulize yeye mwenyewe, bila aibu: ruzuku hii inaisha lini? Kisha iulize idara: ikiisha, mtanipa nafasi ya usaidizi wa kufundisha? Nafasi hizo mimi naziamini zaidi, maana wanafunzi wa shahada ya kwanza lazima wafundishwe hata mwaka wa njaa.

Usidhani pia kwamba chuo tajiri hakitikisiki. Mfuko wa wakfu wa Harvard, yaani akiba ya michango ambayo chuo huiwekeza, ulishuka kutoka dola bilioni 36.9 hadi 26 katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2009. Ila vyuo vya namna hiyo havitumii kwa kufuata soko la mwaka mmoja, hivyo pigo husambazwa kwa miaka kadhaa na mwanafunzi halisikii kwa mkupuo. Chuo chako ni cha umma, kinategemea bajeti ya jimbo. Mwaka huohuo wa 2009, California ilipoishiwa, Chuo Kikuu cha California kiliwapa watumishi likizo za lazima bila malipo na kupitisha nyongeza ya ada ya asilimia 32. Ndiyo maana nataka waandike wazi kwamba ada na bima ya afya ni juu yao, hata zikipanda.

Jambo lililoninyima usingizi ni miezi. Posho yako ni ya miezi tisa. Kiangazi hakikutajwa popote, na mwenye nyumba hapumziki kudai kodi. Viza ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida inakuruhusu kazi ya ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hivyo usitegemee kwenda kubangaiza mjini. Uliza wanafunzi wa mwaka wa nne wanaishije Juni hadi Agosti. Waulize wao, usiulize ofisi.

Chuo kimekupa mpaka tarehe 15 Aprili. Tuma maswali leo, na majibu yakija nitumie kabla hujasaini. Baba yako anasema nauli ya kurudi tutaitenga sisi, hiyo usiihesabu kwenye posho.

Mama yako